Jinsi ya Kufika Kupigwa Picha Bila Kumzika Nyanya Tena

Wewe mwanamitindo wa kujitegemea wa Kangeta, unayevaa gauni la harusi la duka la mjini Maua leo na kitenge cha fundi wa Meru kesho, fuata hatua hizi.

1. Mwache nyanya aishi. Mwaka huu umeshamzika mara mbili, na Jumanne mpiga picha alimkuta sokoni akichagua viazi. Ukishindwa kufika, sema umeshindwa.

2. Sema mapema. Hapa karibu na ikweta jua hupanda upesi, na nuru laini ya asubuhi haimsubiri mtu. Ujumbe wa saa kumi na moja alfajiri humkuta msusi ameshaamka na gari limeshakodiwa. Ukisema siku mbili kabla, atapatikana mwingine.

3. "Niko njiani" ni maneno ya aliye njiani. Anayetafuta taulo bado yuko nyumbani.

4. Jifunze kwa wenye miraa. Huchumwa, hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa Nairobi, maana baada ya siku mbili hivi nguvu yake imepungua. Mchumaji, mfungaji na dereva wote hutegemeana kwa saa. Siku ya picha nayo huharibika vivyo hivyo.

5. Nawe mwenye kazi, usitoroke. Kangeta inaujua uchungu wa mnunuzi kughairi: Uingereza ilipiga miraa marufuku Juni 2014, na Somalia ikafunga soko lake Machi 2020 hadi Julai 2022. Miti ilichipua, wachumaji walikuwepo, pesa hazikuja. Mwanamitindo aliyekataa kazi nyingine kwa ajili yako huachwa hivyo hivyo. Mtumie sehemu ya malipo kwa M-Pesa siku mnapokubaliana. Andikeni kabisa: ukighairi zikiwa zimebaki saa 48, pesa hizo ni zake; akighairi yeye, anazirudisha.

6. Msiba ukiwa wa kweli, piga simu mwenyewe, kisha mtaje mwenzako anayeweza kukushikia nafasi. Watu wa hapa Igembe wanajua kusaidiana msibani, lakini lazima waambiwe.

7. Kabla ya kughairi, wahesabu waliomo: msusi, dereva, mshika taa. Wengi wao hulipwa kwa siku. Usipofika, umewaamulia pia watoto wao watakula nini jioni hiyo, na hakuna aliyekupa mamlaka hayo.