Chombo Kinapokwenda Mrama

Katika majongi ya Kijapani, kukamilisha mkono ni jambo moja na kushinda ni jingine, na wengi huijua tofauti hiyo wakati wa kulipa. Wachezaji ni wanne na kete ni 136, za aina 34. Kila mmoja hushika kete 13, huokota moja na kutupa moja, akisaka mafungu manne ya kete tatu tatu na jozi moja. Mgeni akifika hapo huona kazi imekwisha. Kumbe mkono lazima uwe na angalau sifa moja inayotambulika, iitwayo yaku. Bila yaku, hizo ni kete 14 zilizopangika vizuri tu.

Ajali yenyewe huwa hivi. Mgeni ana uchu. Kila mwenzake akitupa kete inayofanana na jozi yake, anapaza sauti, "Poni!", anainyakua na kulilaza fungu wazi mezani. Baada ya poni tatu amebakiwa na kete nne. Ile anayoingoja inatupwa, anasema "Roni!" na kuzibwaga zake kwa kishindo kama mcheza dhumna. Watatu wanainama, wanazisoma, wanatazamana. Mmoja anauliza kwa upole: "Yaku ipi?" Hakuna. Kosa hilo Wajapani huliita chombo, na Mswahili hahitaji kueleweshwa kimekwenda wapi: mrama. Adhabu yake kwenye meza nyingi ni malipo ya kiasi cha mangani, yaani pointi 8000 kwa asiyeketi Mashariki, na kila mchezaji huanza na 25,000.

Kimbilio la mgeni ni riichi. Mkono ambao haujanyakua kitu ukibakiza kete moja tu kukamilika, mwenyewe hutangaza na kuweka kijiti cha pointi 1000 mezani. Tangazo hilo peke yake ni yaku. Ila tangu hapo mkono haubadilishwi tena, na nyuma yake inanyemelea furiteni. Mwenye 3 na 4 anangoja 2 au 5 ili zifuatane tatu. Kama 2 ya aina hiyo aliwahi kuitupa, hawezi kumdai mwenzake hata hiyo 5, mpaka aiokote mwenyewe. Wala hakuna kujitetea, maana kete alizotupa zimejipanga mbele yake kwa mfuatano, ushahidi mtupu.

Dora, kete ya bonasi, nayo ina wahanga wake. Kete iliyofunuliwa ukutani siyo dora. Dora ni inayofuata. Ikionekana 3, bonasi ni 4, na mgeni aliyezihodhi zile 3 amehodhi kivuli. Tena dora huongeza thamani tu, yaku haileti.

Hesabu ndiyo hufukuza watu mezani. Kila yaku ina hani zake, na kila hani huongeza malipo karibu maradufu, huku fu zikipima ubora wa mafungu. Kwa fu 30, hani 1 hulipa 1000, hani 2 hulipa 2000, hani 3 hulipa 3900 (kihalisi ni 3840, hupandishwa hadi mia inayofuata), hani 4 hulipa 7700. Hani 5 ni mangani. Mshindi ndiye hutaja bei yake mwenyewe. Ndiyo sababu mgeni akishinda hunyamaza ghafla na kuanza kuhesabu vidole.

Juu kabisa zipo yakumani, za pointi 32,000. Maarufu ni kokushi musō: moja moja ya kila 1 na 9, pepo zote nne, madragoni matatu, na mojawapo irudiwe. Ni mkono uliojengwa kwa takataka, ikiwemo ile kete nyeupe isiyochorwa kitu ambayo wageni huidhani ya akiba.

Wanaoikubali nagashi mangani huenda mbali zaidi. Raundi ikiisha bila mshindi, aliyetupa takataka za aina hiyo tupu, na asinyakuliwe hata moja, hulipwa mangani. Mgeni mara nyingi hata hajui. Jirani ndiye humgusa bega na kumwonyesha kete alizotupa.