Faida Saba za Kusoma Ng'ambo, Kuanzia Mkiani

Ukoo mzima umejazana uwanja wa ndege kumsindikiza kijana mmoja na masanduku mawili. Waliochanga wana haki ya kujua wamenunua nini.

7. Cheti. Ndiyo, kiko mkiani. Wangari Maathai alirudi Kenya mwaka 1966 na shahada mbili za Marekani na ahadi ya kazi chuoni Nairobi, akakuta nafasi keshapewa mwingine. Tuzo ya Nobeli ilikuja 2004. Subira, wazee.

6. Baridi. Utaliomba radhi jua la Dodoma.

5. Ugali wa bwenini. Hapa pana elimu. Unga wa mahindi hakuna, unasonga semolina. Mwiko hakuna, una kijiko cha mbao chembamba ambacho kinasalimu amri ugali unapoanza kukaza. Wakati unatafuta kingine, sufuria inaungua, king'ora cha moshi kinalia, jengo zima linamiminika nje na nguo za kulalia, zimamoto hao. Asubuhi kila mtu anajua jina lako. Wenzako wanatafuta marafiki muhula mzima.

4. Kuwahi. Saa mbili ni saa mbili. Usihofu, ukirudi utapona ndani ya wiki.

3. Mchumba. Barack Obama, yule baba, aliondoka Kenya mwaka 1959 kwenda Chuo Kikuu cha Hawaii kusomea uchumi. Mwaka uliofuata, kwenye darasa la Kirusi, akakutana na Ann Dunham. Kirusi chake kiliishia wapi, shauri yake. Mtoto aliishia Ikulu ya Marekani. (Kwao alikuwa ameacha mke. Wakwe wasome kipengele hiki mara mbili.)

2. Kuharibika kwa faida. Nyerere alikuwa mwalimu wa baolojia Tabora. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akasoma historia, uchumi na falsafa, akarudi 1952. Mwaka 1954 TANU ikazaliwa. Masomo yalilipiwa na serikali ya mkoloni, na sidhani kama kuna ufadhili mwingine ulioigharimu zaidi.

1. Kuwajua wa kwenu. Jomo Kenyatta alitoka Kiambu, akavuka bahari, akasoma anthropolojia London chini ya Malinowski, na mwaka 1938 akatoa kitabu. Juu ya Waingereza? Wapi! Juu ya Wagikuyu. Nauli yote hiyo! Lakini kwenye chumba ambamo wageni walizoea kuwaeleza Waafrika ni watu gani, safari hii kulikuwa na mwenyewe, na alikuwa na la kusema.

Kijana wenu naye yatamkuta. Mkorea wa chumba cha pili atamuuliza kwa nini kwao mahari hutajwa kwa ng'ombe, atababaika, kisha atampigia bibi. Mliochanga, simu hiyo ikiita saa nane usiku, mwamsheni bibi apokee.