Mwandiko Wangu, Lakini Haikuwa Hivyo

Mtanzania yeyote aliyekuwa mtu mzima tarehe 14 Oktoba 1999 atakwambia alikuwa wapi Rais Benjamin Mkapa alipotangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki dunia huko London. Ukitaka kumwamsha mzee anayesinzia kikaoni, muulize hilo tu. Atakutajia shati alilovaa na jirani aliyeanza kulia.

Mhasibu mmoja mstaafu wa Tabata ana simulizi yake, ambayo wanawe wameisikia mpaka wanaweza kumalizia. Alikuwa anatoka ibadani Jumapili, Biblia kwapani, suti ya kijivu, akakuta watu wamejazana dukani kwa Mangi wakisikiliza redio. Basi siku moja kitinda mimba wake, ambaye mwaka huo alikuwa hajazaliwa, akafungua kalenda ya 1999 kwenye simu. Ilikuwa Alhamisi.

Mzee hakutetereka. Alinyamaza kidogo, akasema: basi yalikuwa mazoezi ya kwaya. Kwaya gani hiyo inayofanya mazoezi kwa suti, siku ya kazi, na mhasibu wa kuajiriwa akaenda? Hakuna aliyethubutu kuuliza. Mkewe alianza kuondoa vyombo mezani.

Asione haya, wasomi wako naye. Ulric Neisser, mmoja wa waasisi wa saikolojia ya utambuzi, alikaa miaka mingi akiamini kwamba Japani iliposhambulia Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941, yeye alikuwa mtoto anayesikiliza mechi ya besiboli redioni, na matangazo yakakatizwa ili habari isomwe. Ameshakuwa profesa ndipo akashtuka: Desemba, Marekani hakuna ligi ya besiboli. Wenzake wakaja kumwokoa. Walisema huenda ilikuwa mechi ya mpira wa Kimarekani, kwani siku ile walicheza Giants na Dodgers, majina yaleyale ya timu za besiboli. Kila mtu ana kwaya yake.

Neisser hakuishia kujicheka. Chombo cha anga cha Challenger kililipuka tarehe 28 Januari 1986, na kesho yake asubuhi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walitakiwa kuandika walikuwa wapi na nani aliwapa habari. Baada ya miaka miwili na nusu, yeye na mwenzake Nicole Harsch wakawapata 44 kati yao, wakawauliza upya. Takriban robo hawakupatia hata jambo moja la msingi, na bado waliweza kuapa. Cha kuchekesha zaidi ni kilichotokea walipoonyeshwa karatasi zao za mwanzo. Mwandiko waliutambua kuwa ni wao. Tukio lenyewe hawakulikumbuka. Walishikilia toleo jipya.

Hata hivyo, kukosea siku hakuna hasara. Hasara huja pale kumbukumbu inapoanza kutunza hesabu za wema wetu. Mwaka 1979, Michael Ross na Fiore Sicoly, watafiti wa Kanada, waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, anabeba sehemu gani ya kazi za nyumbani: chai ya asubuhi, vyombo, usafi, watoto. Wakijumlisha sehemu ya mume na ya mke, mara nyingi jumla ilipita kazi yenyewe. Sababu yao inaeleweka: jasho lako ulilisikia likitiririka, la mwenzako uliona sahani safi tu. Ajabu ni kwamba hata kwenye suala la nani huanzisha ugomvi, watu walijipa sehemu kubwa kuliko waliyopewa na wenzao. Huo nao, inaonekana, ni mchango.

Na kwa michango, twende kwenye kamati ya harusi.

Mzee wetu wa Tabata alimnunia jirani yake kwa miezi. Kisa: binti wa jirani alipoolewa, mzee alitoa shilingi 200,000, na zamu ya binti yake ilipofika jirani akaleta 100,000. Zamani manung'uniko ya aina hii yalikuwa hayana dawa wala ushahidi, maana daftari la mweka hazina lilikuwa limeshanyeshewa, na pande zote mbili zilibaki na heshima. Lakini M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo kila senti imeacha nyayo. Kijana yuleyule wa kalenda akachimbua meseji za miamala. Baba yake aliahidi 200,000. Alituma 50,000.

Ahadi aliikumbuka kwa sababu aliitoa akiwa amesimama, ukumbi ukapiga makofi. Siku ya kutuma hela hakuna aliyempigia makofi.

Sijashawishika kwamba mtaa umepona kwa kuujua ukweli huo. Kusahau kidogo kulikuwa sehemu ya ujirani mwema. Hata jina la mtu likikutoka, uliita "shemeji" au "mkuu wangu" na maisha yakaendelea. Siku hizi hata "sikuiona meseji yako" imekufa. WhatsApp ilileta tiki mbili za bluu Novemba 2014, na ingawa unaweza kuzizima unapoandikiana na mtu mmoja, kwenye grupu hazizimiki: aliyetuma ujumbe anafunua tu orodha, anaona nani kasoma na saa ngapi. Waliobuni kitu hiki sidhani kama waliwahi kudaiwa mchango wa sendofu.

Wajanja wana mbinu yao, kusoma ujumbe juu ya skrini bila kuufungua. Mzee kafundishwa na mwanawe, kwa siri, mama asijue. Juzi mweka hazina wa harusi ya mtoto wa shemeji yake akaandika: "Wapendwa, muda umekwisha, tukamilishe ahadi." Mzee akavuta skrini taratibu, miwani puani. Kidole kikateleza, grupu likafunguka lote, na katika kuhangaika kulifunga akawa ametuma dole gumba.

"Shikamoo mzee wangu," jibu likaingia hapohapo, mbele ya wajumbe wote. "Tunausubiri muamala."