Fungate ya Magurudumu Manne

Wapenzi wanaokodi gari ili "waizunguke Pemba" wana tatizo la jiografia kabla ya lile la mapenzi. Kisiwa hiki chenye urefu wa kilomita 67 hivi hakina barabara ya pwani inayokizunguka. Ipo ya kupanda kutoka Mkoani hadi Konde kupitia Chake Chake, na matawi yake mengi huishia mikokoni. Anayefika mwisho hugeuza. Tumbe, jirani ya Konde, ndiyo huumia zaidi: hupitwa mbio kwa sababu mnara wa Ras Kigomasha unasubiri kupigwa picha. Na hapo Tumbe pana diko kubwa lenye mnada wa samaki, na ardhini mna mabaki ya makazi ya karne ya 7 hadi ya 10, ambayo wachimbuaji wameyakuta na ushahidi tele wa utengenezaji wa shanga za kombe. Wakazi hao wa kale walikaa miaka mia kadhaa. Wageni wetu hukaa hadi vumbi litue.

Mtaniambia wanaleta fedha. Kweli, ila fedha hushuka gari linaposimama, na lao husimama kituo cha mafuta na hotelini. Mtaniambia tena kwamba wapenzi wamekuja kutazamana, si kutazama changu na pweza. Hapo nakubali kabisa. Lakini wazee walishalitatua hilo: fungate, siku saba chumbani, chakula kikiletwa mlangoni, bila lita moja ya petroli.