Maji ya Pate: Kutoka Nane Hadi Moja

Waingereza wana neno lao "set", ambalo kamusi kuu ya Oxford ya mwaka 1989 ililipa maana zipatazo 430. Ni nyingi, nakubali. Lakini sisi wa kisiwa cha Pate tuna maji, au mai kwa lahaja za kwetu, na neno hili hubebeshwa mizigo kuliko punda wa mji wetu wa Siyu. Haya, tuhesabu tukishuka.

8. Maji ya kunde. Rangi ya ngozi, si nyeusi sana wala si nyeupe. Mshenga akiulizwa bibi harusi ni wa rangi gani, hujibu hivyo tu, na kila anayesikia humwona amtakaye.

7. Maji yaliyozidi unga. Jikoni dawa yake ni kuongeza unga. Katika ugomvi wa mume na mke, unga huo hauuzwi dukani.

6. Kupiga maji. Bara, aliyepiga maji amelewa. Kwetu utamkuta zaidi aliyepigwa na maji: yule abiria aliyekaa upande wa upepo kutoka Lamu mpaka Faza kisiwani kwetu, nguo zikamlowa chapachapa na mdomo haujaonja kitu.

5. Maji ya kombe. Aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji au marashi, mgonjwa akanywa. Hapa sina mzaha. Wapo waliopona na waliofarijika, na faraja nayo ni dawa.

4. Maji ya kichwani. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hii ingefaa kubandikwa kwenye kila ukuta wa kisiwa. Shanga, mji ulioanza karne ya 8, ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Misikiti na makaburi yake bado yamo vichakani, mwendo mfupi kutoka Siyu. Mji wa Pate ulikuwa jirani, ukaona wembe ukipita. Ukaendelea kufuga nywele.

3. Maji baridi. Mgeni wa Nairobi akiomba maji baridi, huenda akaletewa kikombe cha vuguvugu akashangaa. Baridi hapa ni kinyume cha chumvi, friji haimo. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, ndiyo maana watu wakajenga jabia: sakafu pana inayopokea mvua na kuiteremsha tangini. Masika yakiwa mazuri, jabia hujaa na majirani husalimiana vizuri. Yakiwa mabaya, salamu hufupishwa hadi ndoo ipatikane.

2. Maji ya kwendea. Uliza boti inaondoka saa ngapi, utajibiwa: "Maji yakijaa." Mwenye saa ya mkononi na aivue. Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, kwa miaka mingi ulikuwa mwembamba na kina chake kidogo, kwa hiyo chombo kikubwa kilikuwa kikingoja. Mkondo wa Siyu unaopita kwenye mikoko ukipwa, nahodha hana mashua, ana benchi. Ndiyo maana Mtangawanda, wenye kina hapa kisiwani, ukawa bandari, na mtu wa mji wa Pate akishushwa pale hubakiwa na mwendo wa saa nzima kwa miguu. Maji hujaa mara mbili kwa siku na kila siku huchelewa takriban dakika 50, kwa hiyo ratiba ya jana ni uongo wa leo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua. Ukiwa nusu, maji mafu. Mtoto wa hapa hujua hesabu hii kabla ya kuijua ya mwalimu, naye anastahili alama zake.

1. Maji ya Shela. Karibu na mwaka 1812, jeshi la Pate na la Wamazrui, watawala wa Mombasa, lilishuka ufuoni Shela, kisiwani Lamu, likitaka kuutia mji wa Lamu mkononi. Watu wa Lamu wakalirudisha nyuma hadi pwani. Kule, kama isimuliwavyo, vyombo vilikuwa vimekaa mchangani: maji yamekupwa. Wengi wakauawa palepale, mashua zao mbele ya macho. Lamu ikamwita Sayyid Said wa Omani ailinde, na Pate haikupata tena ukubwa wake. Kama mtu wa Pate nasema wazi: tulishindwa na Waamu na maji pamoja, na aliyetuumiza zaidi ni wa pili.