Bach Kakimbizwa

Mashabiki wa Bach wana kesi isiyokwisha. Zile konseto sita za Brandenburg, alizomtunukia mtukufu Christian Ludwig mwaka 1721, Otto Klemperer na okestra ya Philharmonia ya London walizirekodi kwa mwendo wa bwana harusi: kifua mbele, hana pa kuwahi. Miaka ya 1980 wakaja Reinhard Goebel na Musica Antiqua Köln, wakaipiga ya tatu mbio hadi anayehema ni msikilizaji.

Siku hizi heshima iko kwenye nyuzi za utumbo wa kondoo, na fidla zilizolegezwa hadi noti ya A iwe hezi 415 badala ya 440. Ndiyo sauti halisi ya enzi zile, tunaambiwa. Hewala! Ila enzi zile kila mji ulikuwa na kipimo chake. Hiyo 415 ni makubaliano ya juzi, na imependwa kwa kuwa inashuka nusu toni barabara. Tena sehemu ya kati ya konseto ya tatu, Bach aliandika mipigo miwili tu ya sauti za pamoja. Hapo wajuzi wengi wa nia yake hubuni cha kwao.

Mwenye santuri ya Klemperer asiitupe. Hao wenye mbio nao washaanza kuitwa wazee.