Jinsi ya Kulitia Anga Giza na Kuitwa Fundi

Tatizo unalijua. Jua linazama Forodhani, mawingu yamewaka, majahazi yanarudi, nawe umeshapiga. Ukiitazama picha, ama anga limetoka vizuri na watu wote ni weusi tii, ama watu wanaonekana na anga ni jeupe pee. Kamera haina uwezo wa jicho wa kubeba mwanga mkali na hafifu kwa pamoja. Dawa ni filta nusu-giza: kipande cha kioo au plastiki, juu kijivu, chini kiko wazi, kinachokaa mbele ya lenzi ili anga lipunguziwe mwanga na nchi iachwe ilivyo. Kuichagua vizuri kunataka subira. Wewe huna, na ndiyo maana tuko pamoja.

Hatua ya 1: Bei. Chukua ya bei chee. Filta nzuri hupunguza mwanga bila kugusa rangi. Ya bei chee hukuongezea uzambarau bila malipo. Mtu akiuliza mbona mawingu ya Unguja yana rangi ya juisi ya rozela, mwambie siku ile kusi lilikuwa limechacha. Hakuna atakayekwenda kuhakiki.

Hatua ya 2: Umbo. Kuna ya mstatili, inayoteleza ndani ya kishikio, na ya duara, inayofungwa kwenye lenzi kama kifuniko. Ya mstatili unaipandisha na kuishusha mpaka ukingo wa giza ukae sawa na upeo wa macho. Kazi yote hiyo ya nini? Nunua ya duara. Ukingo wake uko katikati siku zote, kwa hiyo kila picha yako itakatwa nusu kwa nusu, bahari chini, mbingu juu. Usijali. Mwenye kosa katika picha moja hukosolewa; mwenye kosa hilo hilo katika picha zote ana mtindo wake.

Hatua ya 3: Nguvu. Hapa sogea karibu. Utaona zimeandikwa 0.3, 0.6 na 0.9, yaani stopu moja, mbili na tatu, na kila stopu inakata mwanga kwa nusu. Ya 0.9 basi inapitisha sehemu moja tu kati ya nane. Wenye nidhamu hupima mwanga wa anga, wakapima wa ardhi, kisha wakachagua filta ya kupunguza tofauti hiyo bila kuimaliza. Wewe beba 0.9, uipachike asubuhi, uivue ukirudi kulala. Anga likiwa jeusi saa sita mchana, watu watadhani mvua ilikukuta na hukukimbia.

Hatari ni moja: maji. Taswira ya anga majini kwa kawaida huwa na giza kidogo kuliko anga lenyewe. Ukiwa Amboseli mbele ya dimbwi, ukalibana anga kwa stopu tatu, Kilimanjaro ya majini itang'aa kuliko ile iliyosimama na theluji yake. Mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, ila roho itamkataa. Mwahi kwa maneno. Chini ya picha andika kwamba undani wa mtu hung'aa kuliko nje yake. Utashangaa mioyo myekundu itakavyomiminika.

Hatua ya 4: Ukingo. Ukingo mkali ulitengenezwa kwa upeo ulionyooka usio na kitu kilichochomoza, kama bahari tupu. Ukingo laini ni wa milima na miti. Kuna na wa kinyume, wenye giza zito pale katikati, kwa jua linalogusa maji. Nunua mkali na uutumie kwa wote. Mibuyu itavaa kofia nyeusi. Jahazi litakuwa na tanga jeupe chini na la masizi juu. Nahodha akiuliza nani kalichoma, mwambie wingu lilipita.

Ukishikilia kununua laini, basi ifunge kwenye lenzi ndefu. Lenzi ndefu huona eneo dogo tu la filta, kwa hiyo ule mpito wa giza unatandazwa hadi hauonekani. Umelipa, umevaa, hakuna kilichobadilika wala kilichoharibika. Mimi hapo huvua kofia.

Hatua ya 5: Hila yenyewe. Usimwambie mtu. Pima mwanga kwa ajili ya anga, acha ardhi ipotelee gizani, kisha ukifika nyumbani uinue kwenye kompyuta. Programu ya Lightroom ina zana ya namna hii tangu 2008. Usifanye kinyume, maana anga likishaungua likawa jeupe kabisa, hakuna programu ya kulirudisha. Kama mandhari imetulia na kamera iko juu ya stendi, piga mbili, moja ya mbingu na moja ya nchi, uziunganishe.

Ila kishikio cha ile ya mstatili kikae mbele ya lenzi, kitupu, na watalii wakikaribia kipanguse kwa kitambaa, taratibu, huku umekunja uso. Filta ikae begini isipate mkwaruzo. Siku ukiiuza, andika "haijatumika sana" na uongeze bei kidogo.